Msiiite hitilafu ndogo kabla ya kuiona lagi

Mhariri,

Naandika kuhusu maneno mawili yaliyotoka kwenye gazeti lako juma lililopita: "hitilafu ndogo". Habari yenyewe ilikuwa fupi, safu moja chini ya ukurasa. Ndege ndogo iligeuza njiani ikarudi kutua kwa sababu ya hitilafu ndogo ya umeme, na abiria wote walikuwa salama. Nilifurahi kusoma kwamba wako salama. Lakini nimefanya kazi ya umeme wa ndege kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumfungulia rubani kifuniko cha injini nikamwonyesha hitilafu ya umeme ambayo ningethubutu kuiita ndogo. Nyingi nilizozikuta zilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kila moja ingeweza kuiangusha ndege.

Kitu ninachotaka wasomaji wako wakijue kinaitwa lagi. Wapo mafundi wanaokiita kichwa cha waya, wengine tamino. Ni kipande cha chuma, mara nyingi shaba, kinachovishwa kwenye ncha ya waya ili waya huo uweze kufungwa kwenye boliti. Upande mmoja kina kijibomba, humo ndimo zinamoingia nyuzi za waya. Upande wa pili kina ulimi bapa wenye tundu, na humo ndimo inamopita boliti. Ukiiweka lagi ya waya mwembamba kiganjani huhisi uzito wowote. Na bado kwenye ndege zimo kila mahali: kwenye betri, stata, alteneta, swichi, sakiti breka, taa, pampu ya mafuta. Umeme wote unaomfikia rubani umepita kwenye lagi, na mara nyingi umepita kwenye kadhaa.

Nianze na moja niliyoishika mwenyewe.

Ndege ya injini moja yenye mfumo wa volti 28 ililetwa kwetu na malalamiko kwamba taa ya kuonya kuwa volti zimeshuka huwaka na kuzimika kila rubani anapowasha taa za kutua. Akizizima, na yenyewe hutulia. Karakana iliyotangulia ilikuwa imebadilisha kidhibiti cha volti, kisha ikabadilisha alteneta nzima. Mwenye ndege alilipia vyote viwili na tatizo likabaki palepale. Alipofika kwetu alikuwa amekasirika, na haki ilikuwa yake.

Nilimwambia kijana niliyekuwa namfundisha tuviache kwanza vyombo vikubwa, tuufuate waya. Injini ilikuwa imezimwa na betri imetolewa. Tukapitisha ampea 40, kutoka kwenye mashine ya umeme ya karakana, kwenye ule waya mnene unaotoka alteneta kwenda kwenye ubapa wa kugawia umeme. Ncha moja ya mita tukaiweka kwenye boliti ya alteneta, nyingine mwisho wa waya. Waya ulikuwa namba 6 kwa AWG, kipimo cha Marekani cha unene wa waya, urefu wake kama mita moja na nusu. Waya wa shaba wa namba hiyo, wa urefu huo, ukiwa mzima na umefungwa sawasawa, hutakiwa kupoteza chini ya volti 0.1. Mita ilisoma 0.7.

Kijana akaniuliza, "Fundi, si haijafika hata volti moja?" Nikamwambia azidishe. Volti 0.6 zilizokuwa zinapotelea mahali pamoja, mara ampea 40, ni wati 24. Hiyo ndiyo nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu, ile tunayoitumia mezani kuyeyushia risasi. Yule bwana alikuwa akiruka na pasi ya kulehemu iliyowashwa ndani ya kifuniko cha injini.

Tukafungua nati. Lagi ilikuwa imevishwa mpira mweusi wa kusinyaa, imependeza kwa nje, mkaguzi mwenye haraka angepita bila kusimama. Nikaupasua mpira kwa wembe. Shaba chini yake ilikuwa imegeuka zambarau na kahawia. Kijibomba kilikuwa kimebanwa kwa nyundo: alama mbili za ubapa juu, moja chini, na ubavuni palikuwa na ufa. Nyuzi za nje zilikuwa zimepondeka na za katikati hazikuguswa kabisa. Nilipovuta kwa mikono yangu miwili waya ulitoka kama kidole kinavyotoka kwenye pete iliyolegea. Halafu tukaona jambo la pili. Tundu la ulimi lilikuwa la boliti ya inchi 3/8, ilhali boliti ya alteneta ilikuwa ya inchi 1/4. Ilikuwa lagi ya gari. Ulimi ulikuwa unagusa kwa ukingo mwembamba tu kuzunguka tundu, na umeme wote wa ndege ulipita kwenye ukingo huo.

Mtu atauliza, na mwenye ndege aliuliza, mbona sakiti breka haikukata? Swali hilo ni la msingi kuliko yote na watu wengi hawalijui jibu lake. Sakiti breka hupima wingi wa umeme unaopita. Umeme ukizidi, hukata. Lagi mbovu haiongezi umeme. Ikifanya lolote huupunguza. Breka inaona ampea 40 zile zile za kila siku, inaridhika, na joto linaendelea kupanda kwenye kiungo mpaka ganda la waya linaanza kuungua. Kwenye dashibodi hakuna chombo kitakachomwambia rubani kwamba kiungo kinaungua. Kinga pekee ni fundi aliyeichagua lagi sahihi na kuibana vizuri siku ile ya kwanza, na mkaguzi anayekubali kuinama na kutazama.

Sasa kuhusu kuchagua. Kosa ninalolikuta zaidi kwenye ndege ndogo ni lagi ya uma. Ulimi wake hauna tundu lililofungwa, una meno mawili kama uma, na mafundi wa magari na wa majumbani huipenda kwa sababu huhitaji kutoa skrubu yote: unalegeza, unachomeka, unakaza. Lakini kinachoingia bila kutoa skrubu hutoka vivyo hivyo. Injini ya ndege hutetema saa kwa saa. Nati ikilegea nusu mzunguko, lagi ya uma inateleza na kuning'inia, labda inagusa bodi ya ndege. Lagi ya pete, yenye tundu kamili, hata nati ikilegea hubaki imevaa boliti. Itapata joto, italeta usumbufu, lakini haitaachia. Kwa ndege mimi sijui jibu jingine: pete, na tundu lake lilingane na boliti.

Ipo pia ya bendera, ambayo ulimi wake umekaa pembeni kama bendera kwenye mlingoti, waya unaingia kwa pembe ya nyuzi 90. Hiyo ni ya mahali penye nafasi finyu, nyuma ya betri kwa mfano, ambapo waya mnene hauwezi kukunjwa bila kuumia. Nimewaona vijana wakichukua lagi iliyonyooka na kuukunja ulimi wake kwenye jiliwa ili ifae. Ulimi ukishakunjwa hivyo umeanza kuchoka kabla hata haujapanda ndege. Lagi zilizopinda tayari zinatengenezwa kiwandani, agiza hizo.

Kwa nyaya nyembamba tunatumia zaidi zile zilizovishwa ganda la nailoni kutoka kiwandani, na rangi yake ina maana. Nyekundu ni ya waya namba 22 hadi 18, buluu ni ya 16 na 14, njano ni ya 12 na 10. Kadiri namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa. Hilo huwachanganya wanagenzi wote, lilinichanganya na mimi. Rangi inakuambia unene wa waya tu. Haikuambii tundu ni la boliti gani, na haikuambii kama lagi hiyo ni ya ndege. Kwenye lagi nzuri, chini ya nailoni mna kola nyingine ya chuma inayolikumbatia ganda la waya, ili mtetemo uishie kwenye ganda usizifikie nyuzi zilizo wazi. Nyingi za zile za bei rahisi zenye ganda la plastiki laini hazina kola hiyo. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukitaka kuona tofauti, katiza moja kwa msumeno mwembamba uitazame kwa ndani. Mimi huwafanyisha wanafunzi zoezi hilo siku ya kwanza, na baadaye sihitaji kuwahubiria.

Lagi kubwa za nyaya za betri na stata aghalabu hazina ganda. Baadhi zina kijitundu mwisho wa kijibomba cha kuchungulia kama nyuzi zimefika mwisho. Nyingine zimezibwa kabisa ili maji yasiingie. Kwenye kibanda cha betri au chini ya sakafu ambako unyevu hutuama, napendelea iliyozibwa, ila hapo ni lazima upime urefu wa kumenya waya kwa makini, kwa sababu hutaweza kuchungulia.

Kuna jambo nalazimika kulisema ingawa najua litawaudhi mafundi wenzangu wa rika langu. Wengi wetu tulikulia kwenye kulehemu, na bado wapo wanaoamini kwamba lagi iliyobanwa haitoshi mpaka imiminiwe risasi juu. Fundi mkuu aliyenifundisha aliniondolea imani hiyo kwa dakika tano. Alichukua waya mmoja, akaukata vipande viwili, kimoja akakibana lagi kwa koleo, kingine akakilehemu. Akavishika vyote kwenye jiliwa na kuniambia, "Haya mwanangu, chezesha." Nikawa nakunja waya huku na huko, taratibu, kama injini inavyoutikisa. Uliolehemiwa ulianza kukatika uzi mmoja mmoja, palepale risasi ilipoishia. Uliobanwa ulikuwa bado mzima mkono wangu ulipochoka. Risasi hunyonywa na nyuzi kwenda juu kama maji kwenye utambi. Pale inapofika waya hugeuka fimbo, na mpaka kati ya fimbo na waya laini ndipo unapovunjika. Zaidi ya hapo, risasi ya kawaida ya bati na plumbi huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Kiungo kikipata joto kwa sababu yoyote ile, kile kilichokuwa kinakishikilia kinaanza kuyeyuka. Ndege za zamani zina lagi za kulehemu, na mwongozo wa mtengenezaji ukisema lehemu, lehemu. Lakini usiongeze risasi kwenye lagi ya kubanwa ukidhani umeiongezea nguvu.

Kubana kwenyewe ndiko watu wanakokudharau. Lagi ikibanwa inavyotakiwa, shaba ya kijibomba na shaba ya nyuzi husukumwa pamoja kwa nguvu kiasi kwamba hewa haina pa kupita kati yao. Pasipo hewa hapana kutu ya ndani, na ukinzani hubaki mdogo miaka mingi. Ukibana kidogo unaacha mianya. Ukibana kupita kiasi unazikata nyuzi. Kati ya makosa hayo mawili nafasi ni finyu mno kwa mkono na jicho la mtu, hata awe fundi wa miaka 27. Ndiyo maana koleo la ndege lina meno ya racheti: ukianza kubana halikuachii mpaka ufike mwisho wa mbano wake. Plaizi haina uwezo huo. Nyundo ndiyo usiseme.

Lakini koleo nalo huchakaa, na hapa nina la kukiri. Koleo huja na geji yake, kijiti cha chuma chenye ncha mbili. Ukilifunga koleo kabisa, ncha moja lazima ipite kati ya meno, na ya pili, nene zaidi, lazima igome. Asubuhi moja niliichukua geji kwa mazoea tu na ile ncha ya kugoma ikapita. Niliirudia mara tatu. Meno yalikuwa yamelika, na kila lagi niliyoibana tangu ukaguzi uliopita ilikuwa imebanwa pungufu. Ukaguzi uliopita ulikuwa miezi mitano nyuma. Nilifungua daftari langu nikahesabu: lagi 41, ndege tatu. Mbili zilikuwa bado hangani. Ya tatu ilikuwa imeondoka zamani na inaruka. Nilimwendea msimamizi nikamweleza, akapiga simu, ndege ile ikasimamishwa mpaka nilipoifuata.

Nilizikata zote 41 na kufunga mpya kwa koleo jingine. Zile za zamani sikuzitupa. Nilizivuta moja moja kwenye mashine ya kupimia mvuto. Kwa waya namba 10, kiungo kinatakiwa kihimili ratili 150, yaani kilo 68 hivi, bila kuachia. Nyingi zilishika. Sita ziliachia kabla, na moja kati ya hizo sita ilikuwa ya pampu ya mafuta ya ndege ile iliyokuwa inaruka. Tangu siku hiyo geji ilikaa mfukoni mwa koti langu la kazi na niliingiza koleo kwenye kipimo kila asubuhi kabla ya lagi ya kwanza, iwe mwongozo unadai hivyo au haudai. Laiti ningekuwa sikuandika kwenye daftari ni lagi zipi na ndege ipi, nisingejua pa kuanzia. Kwa hiyo nawaambia vijana: kuandika ni sehemu ya kubana.

Joto nalo lina sheria zake. Nyaya za shaba za ndege hupakwa bati, fedha au nikeli. Za bati ni za hadi nyuzijoto 150, za fedha hadi 200, za nikeli hadi 260. Kila mtu anayaangalia hayo anaponunua waya, kisha anavisha ncha ya waya wa nikeli lagi ya kawaida yenye nailoni iliyotengenezwa kwa nyuzijoto 105. Karibu na bomba la moshi nailoni hiyo hukauka, hupasuka, na kuangukia ndani ya injini vipandevipande. Waya na lagi ni mwili mmoja, na daraja lake ni la kile kilicho dhaifu zaidi.

Alumini inahitaji barua yake peke yake, ila nitasema yaliyo ya lazima. Baadhi ya ndege zina nyaya nene za alumini kwa sababu ya uzito. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 ya shaba, hivyo waya wake huwa mnene zaidi, lakini ni nyepesi kiasi kwamba kwa ukinzani uleule unabeba karibu nusu tu ya uzito. Shida yake ni ngozi. Alumini ikishaguswa na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mgumu usiopitisha umeme. Ndiyo maana lagi za alumini zina grisi iliyochanganywa na unga wa zinki ndani ya kijibomba. Unapobana, chembe za zinki huukwangua ule utando huku grisi ikizuia hewa kurudi. Nimemwona fundi, tena mwangalifu na msafi, akiifuta grisi hiyo kwa kitambaa kwa sababu alidhani ni uchafu wa ghalani. Aliitoa dawa akabakiza ugonjwa.

Na usivishe lagi ya shaba kwenye waya wa alumini. Madini hayo mawili yakikutana na unyevu hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa nje utaona unga mweupe ukingoni mwa kijibomba. Ukiuona huo, usiupanguse ukaendelea na safari yako, kata. Tena unapomenya waya wa alumini usiujeruhi hata uzi mmoja. Kwenye shaba kuna idadi ndogo ya nyuzi zilizokwaruzwa inayovumilika kwa baadhi ya nyaya. Kwenye alumini hakuna.

Kufunga kwenye boliti nitapita haraka: lagi nne kwa boliti moja ndiyo mwisho, au tatu zikiwa na ubapa wa kugawia umeme. Waya upangwe ili ukivutwa uikaze nati, usiifungue. Ukiacha waya bila mlegezo hata kidogo umemnyima fundi ajaye nafasi ya kukata ncha na kufunga lagi mpya, naye atalazimika kuunga waya katikati. Na ukishakaza, paka mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye boliti. Mstari ukivunjika kila mtu ataona kwamba nati imezunguka. Ni kazi ya sekunde tatu na ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta ninapofungua kifuniko chochote.

Mhariri, huenda ukasema haya ni ya mafundi, si ya gazeti. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair, safari namba 111 kutoka New York kwenda Geneva, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, watu 229 wakafa. Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba moto ulianzia juu ya dari karibu na chumba cha marubani, na kwamba kilichouwasha kwa uwezekano mkubwa ni cheche za waya ulioharibika, kisha ukashika vitambaa vya kuzuia joto ambavyo vilikuwa vya aina inayoweza kushika moto. Kiini hakikuwa lagi, na sitaki mtu anisome vibaya. Nimeitaja kwa sababu ilionyesha kwamba cheche moja, mahali asipopaona mtu, inatosha. Ajali hiyo, na ile ya ndege ya shirika la Marekani TWA, safari namba 800, ya mwaka 1996 iliyoua watu 230, zilisukuma mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kutoa kanuni mwaka 2007 zinazozitazama nyaya za ndege kubwa za abiria, pamoja na ncha zake na viungo vyake vyote, kuwa mfumo unaojitegemea, wenye ukaguzi wake, kama zilivyo injini na magurudumu. Kabla ya hapo waya ulifungwa ukasahauliwa. Kanuni hizo haziigusi ile ndege ndogo uliyoiandika, ila mtetemo na joto vinaigusa vilevile.

Kwa hiyo ombi langu ni la kikazi kabisa. Mwandishi wako akiambiwa tena kwamba ndege imerudi kwa hitilafu ndogo ya umeme, aulize maswali matatu kabla hajafunga daftari. Kilichoungua ni nini? Kama ni kiungo, lagi yake ilikuwa ya aina gani? Ilibanwa kwa koleo gani, na koleo hilo lilipimwa kwa geji yake lini? Karakana yenye mafundi wa kweli itajibu yote matatu bila kukasirika, kwa sababu majibu yameandikwa. Isipoyajibu, hapo una habari kubwa kuliko ile ya safu moja.

Wamiliki wa ndege ndogo nao nina neno nao. Mnapoletewa ankara na kuona bei ya lagi za ndege, na mnajua mahali zinapouzwa zinazofanana nazo kwa bei ya chini, msimsukume fundi. Fundi kijana hana nguvu ya kumkatalia mwenye mali. Nimewaona wakikubali huku wakijua.

Ile lagi iliyogeuka zambarau ninayo mpaka leo, kwenye kopo la vidonge, pamoja na kipande cha waya kilichochomoka mkononi mwangu. Mwandishi wako akitaka kuiona nitaileta ofisini kwenu siku yoyote, nije na koleo na geji, abane moja mwenyewe na kuivuta.

Ni mimi,
Fundi mstaafu wa umeme wa ndege